Operesheni Ziba Pengo

Nchi yetu ina jina, ila kwa sasa halipo. Lilipelekwa makao makuu kuthibitishwa miaka kumi na moja iliyopita na bado halijarudi. Kwa hiyo mkinisikia nasema "nchi yetu, nchi yetu," msidhani naogopa kuitaja. Mimi ni mtumishi wa umma, Mpiga Mhuri Daraja la Pili katika Wizara ya Maumbo na Ulinganifu, na mtu mwenye mhuri haogopi mtu, labda mwenye mhuri mkubwa kuliko wake.

Naandika haya kwa sababu tangu msiba wa Fundi Makungu kuna watu mtaani wananipita bila salamu. Wengine wanatema mate kabisa. Haya, temeni, mate ni yenu. Lakini nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kosa langu ni lipi, maana mimi nimelitafuta kwenye kanuni zote na sikuliona.

Naishi Mtaa wa Randa. Ukiingia unakanyaga maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya vanishi inakupokea kabla ya wenyeji. Hapa ndipo yanapotengenezwa magita ya umeme ya nchi nzima. Hatuna kiwanda. Tuna mafundi, kila mmoja na kibanda chake, msumeno wake na ubishi wake.

Gita la kwanza alilitengeneza Mzee Ferunzi, Mungu amrehemu, kwa kutazama picha ya kalenda. Kwenye picha ile mpiga gita alivaa shati la mikono mipana, na mkono wa shati ulifunika pembe moja ya gita. Mzee Ferunzi angejuaje kuna nini chini ya shati la watu? Akachonga gita la pembe moja. Jirani yake, Fundi Shemdoe, akaliona kupitia kioo cha kinyozi wa ng'ambo ya barabara, naye akachonga la pembe moja, ila upande wa pili. Fundi wa tatu akayaona yote mawili, akadhani kila mmoja kasahau pembe, akachonga la pembe mbili. Wa nne akazirefusha kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda makuu. Wa tano mbao ikampasukia, akazifupisha, akasema ndiyo fasheni ya sasa. Na watu wakamwiga, mbao zao zikiwa nzima kabisa!

Hivyo ndivyo maumbo yalivyozaliwa kwetu, nusu kwa macho, nusu kwa makosa. Wala hakuna aliyegombana na mwenzake, maana ilikuwepo desturi ya sukari ya jicho. Ukiiga umbo la mtu, unamchukulia robo kilo ya sukari iliyofungwa kwenye gazeti, unasimama mlangoni kwake, unasema, "Fundi, nimekuona." Naye anapokea, anauliza, "Umeniona vizuri?" Ukijibu ndiyo, yamekwisha. Ukijibu hukuona vizuri, anakuingiza ndani na kukuonyesha mwenyewe, na chai juu.

Ushenzi mtupu, kama mnavyoona. Hakuna hata fomu.

*

Fundi Makungu alikuwa mtu mwembamba, penseli sikioni, maneno machache. Mkewe, Bi Sauda, ndiye aliyekuwa na maneno ya wawili. Alipiga gita la solo kwenye bendi ya ukumbi wa Posta, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba, na akiimba herufi "s" inatoka na mluzi kidogo, kwa sababu ana pengo la jino la mbele alilolipata utotoni kwa kung'ata muwa.

Walikaa miaka tisa bila mtoto. Mwaka wa kumi Mungu akawakumbuka. Mimba ilipofika mwezi wa nane, Bi Sauda akaja kibandani na gita mkononi, amenuna.

"Makungu, gita hili halikai. Mwanao analisukuma."

"Mwache alisukume," akasema Makungu. "Mwenye nyumba ni yeye, gita ni mpangaji."

"Basi mpangaji anipigie yeye Jumamosi, mimi nitazame."

Makungu akacheka, akachomoa penseli sikioni. Akamwambia mkewe akae kwenye kiti, alishike gita kama anavyolipiga, asipumue sana. Akachora mstari kwenye ubao kufuata mzingo wa tumbo lile, taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Kisha akalifunga gita kwenye benchi na kukata. Mimi nilikuwepo. Wakati huo sijaajiriwa, nilikuwa jirani tu, na ndimi niliyeshika upande wa pili wa bodi la gita lisicheze. Kikaanguka kipande cha mninga, umbo lake kama kipande cha tikiti. Makungu akakiokota, akakipuliza vumbi, akakiweka juu ya kabati la zana.

Bi Sauda akalijaribu gita. Tumbo likaingia kwenye pengo, likaenea. Akapiga wimbo mzima amefumba macho, na sisi wawili tukasimama pale tunachekacheka kama wajinga.

Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa unakata pengo. Wapiga gita wenye vitambi vya bia walisema hawajawahi kupata raha kama ile. Vijana wembamba, wasio na tumbo la kuweka humo, walisema gita lenye pengo linapumua. Fundi Shemdoe alilikata la pembetatu, kwa sababu msumeno wake haukujua kupinda. Mwingine alilihamishia chini. Mwingine alikata mawili, moja la akiba. Na wote walikuja na sukari zao. "Fundi, nimekuona." "Umeniona vizuri?" Ikajaa sukari nyumbani kwa Makungu mpaka wakawa wanahifadhi kwenye ndoo.

Mtoto alizaliwa Jumapili. Akaishi siku nne. Kwetu jina hutolewa siku ya saba, kwa hiyo akaenda bila jina, na mama yake akabaki kuitwa Bi Sauda, wakati mke wangu ni Mama Nunu na mimi ni Baba Nunu. Ile sukari ya kwenye ndoo ndiyo iliyopikiwa chai ya msiba. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi, na hakuna aliyethubutu kusema.

Baadaye barabara ya mzunguko ilipita juu ya makaburi ya watoto alikozikwa. Picha yake hawakuwahi kupiga. Bi Sauda alirudi kwenye bendi, na asipopiga, mkono wake ulikuwa unakaa mle kwenye pengo la gita. Siku moja alimwambia mke wangu, "Mama Nunu, wenzangu wana makaburi. Mimi nina hapa. Hapa ndipo alipokaa."

Kwa hiyo mjue tangu sasa, lile gita halikuwa gita tu. Nami nilijua. Sitaki kusema sikujua.

*

Miaka ikapita, nami nikaajiriwa Wizarani. Ikaja Siku ya Taifa, na maonyesho, na mgeni rasmi kutoka nchi ambayo jina lake linapatikana. Mgeni akapita kwenye banda la magita, akatazama magita hamsini yenye mapengo hamsini, akauliza kwa upole kabisa, "La asili ni lipi?"

Waziri wetu, Mheshimiwa Kihongole Mapande, akageuka kwa Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akageuka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akanigeukia mimi, na nyuma yangu palikuwa na turubai. Mgeni akatabasamu, akaenda kutazama mbuzi.

Jioni ile ile Mheshimiwa akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Leo tumeaibika! Tumeulizwa la asili ni lipi, tukabaki tunatazamana! Taifa lisilojua umbo lake ni taifa lisilo na umbo. Na taifa lisilo na umbo ni kama... ni kama..." Katibu akamnong'oneza. "Ni kama uji! Je, sisi ni uji?"

"Hapanaaa!" tukajibu.

"Kuanzia kesho, kila umbo litakuwa na mwenyewe! Mmoja! Wengine wote ni wezi!"

Tukapiga makofi sana. Fundi Shemdoe, aliyekuwa pembeni yangu, alipiga mpaka viganja vikamwasha. Baadaye ndipo akaniuliza, "Hivi Baba Nunu, sisi ni akina nani hapo?"

*

Fundi Makungu alikuja ofisini siku ya kwanza kabisa, kabla sijafungua dirisha. Kavaa koti la harusi. Gita la mkewe kalifunga kwenye kanga.

"Jirani," akaniambia, "sitaki mali ya mtu. Nataka pengo hili liandikwe la Sauda, lisije likachukuliwa na mtu asiyejua ni la nini. Wenzangu waendelee kukata, mimi nimeshakunywa sukari yao."

Nikampa fomu. Kanuni ya nne inasema mwombaji aambatishe nakala halisi ya umbo.

Nikalitazama gita. "Fundi, hili ni halisi."

"Ndiyo."

"Kanuni inataka nakala."

Akarudi kwake, akafanya kazi siku tatu, akaleta gita jingine, limefanana na lile kama pacha na pacha. Nikalitazama.

"Fundi, hii ni nakala."

"Si ndiyo uliyotaka?"

"Kanuni inataka halisi. Nakala halisi. Na tena nakushauri ulifiche hili, maana kuiga umbo sasa ni kosa, na umeiga."

"Nimejiiga mwenyewe, Baba Nunu!"

"Mwenyewe nani? Bado hujasajiliwa."

Akakaa kwenye benchi la wageni. Akaniuliza, si kwa hasira, kama nina mhuri wa neno HALISI. Ninao. Akasema basi nipige kwenye ile nakala, itakuwa nakala halisi. Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Nikajaribu. Wino wa serikali haushiki kwenye vanishi. Niligonga mara tatu mbele yake, ukafutika mara tatu kwa kidole.

Siku ya nne akaja Bwana Zigalila, shemeji yake Mheshimiwa, mmiliki wa kampuni ya Umbo Bora, iliyokuwa na umri wa siku mbili. Hakuwa na gita. Alikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kachora mstari mmoja uliopinda, kama nyusi. Karatasi ni nakala. Nikaipiga mhuri wa HALISI, wino ukashika vizuri sana. Ikawa nakala halisi.

Sasa hapa msinikatize, maana ndipo watu wanaponilaumu. Kwenye fomu, mahali pa jina la umbo, kuna visanduku vitano. Herufi tano, basi. Aliyechapisha fomu alisema karatasi iliisha. Bwana Zigalila alitaka kuandika "Pengo la gita la umeme." Likaingia neno moja tu. P, E, N, G, O. Nikamwambia, "Mheshimiwa shemeji, limekatika." Akasema, "Piga mhuri kijana, nina miadi."

Nikapiga. Na hivyo, kwa mujibu wa sheria za nchi yetu, pengo likawa mali ya Bwana Zigalila. Halikutajwa la gita wala la kitu kingine. Pengo, basi.

*

Nchi ilibadilika haraka. Waziri wa Fedha alitangaza kwa furaha kwamba hatuna tena pengo la bajeti, kwa sababu neno si letu. Wenye nyua za miti wakaziba kwa mabati. Watoto wa darasa la kwanza waliong'oka meno wakafundishwa kuimba wimbo wa taifa midomo imefungwa, na wakaguzi wakasema unasikika vizuri zaidi hivyo. Ikazinduliwa Operesheni Ziba Pengo, na kwenye magari yetu tukaandika kwa rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Kampuni ya Umbo Bora ikapewa kazi ya kutoa viraka vya mbao laini, saizi moja, kwa mapengo yote.

Tukaingia Mtaa wa Randa asubuhi, wakaguzi sita na mimi na kisanduku changu cha mihuri. Mafundi walisimama milangoni. Pengo la Fundi Shemdoe lilikuwa pembetatu na kiraka ni cha mviringo, kwa hiyo kikapigiliwa misumari mpaka kikatii. Mzee wa watu akawa anatazama gita lake linapigwa misumari, anarudia, "Haya, haya, haya." Yule wa mapengo mawili alizibwa yote mawili na kuonywa kwa kujilimbikizia.

Kwa Fundi Makungu, Bi Sauda alikuwa amekaa kizingitini na gita mapajani, mkono uko palepale.

"Hili hamlizibi," akasema.

Mkaguzi mkuu akacheka. "Mama, kwani hili lina nini?"

"Usiniite mama. Mimi si mama wa mtu." Kisha akanitazama mimi. "Baba Nunu, waambie. Wewe ulishika bodi likikatwa. Waambie ni la nini."

Nilifungua kisanduku changu, nikapanga mihuri upya, mkubwa chini, mdogo juu. Alipokuwa akisema nililiona pengo la jino lake, wazi kabisa, mbele ya wakaguzi sita, na nikajifanya sikuliona. Mnaotema mate, hilo hamlihesabu? Sikuliandika siku ile. Ningeweza, sikuliandika.

Mkaguzi akaandika tu kwamba gita linabishaniwa, akawapa wito wa Kamati.

*

Kamati ya Mapengo ilikaa ukumbini, Mheshimiwa Mapande mwenyewe kitini, mimi mwandishi. Bwana Zigalila aliitwa kama mtaalamu. Akaulizwa pengo alilipataje, akasema alioteshwa. Akapewa gita aonyeshe pengo linavyofanya kazi. Alilikumbatia nyuzi zikiwa kifuani kwake, kama mtu aliyebeba mbuzi mkaidi, akasema, "Ni la urembo." Kamati ikaandika: urembo.

Fundi Makungu akaitwa. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Aliwaeleza kuhusu kiti, na penseli, na mstari. Aliwaambia wachukue fundi yeyote mtaani, wamuulize kwa nini pengo liko upande ule na si mwingine, hakuna atakayejua, kwa sababu wao waliona ubao, yeye aliona tumbo.

Mheshimiwa akavua miwani. "Tumbo la mimba si kipimo kinachotambuliwa na Wizara. Lakini Serikali hii ni sikivu. Mtoto yuko wapi, tulinganishe?"

"Alifariki, Mheshimiwa," akasema Bi Sauda.

"Pole sana, mama. Poleni sana. Cheti chake cha kuzaliwa?"

"Hakufika siku ya kupewa jina."

"Ahaa." Mheshimiwa akavaa miwani tena, akawageukia wajumbe kwa masikitiko ya kweli. Alikuwa mtu wa huruma, msimsingizie. "Basi kisheria hapakuwa na mtoto. Na kama hapakuwa na mtoto, hapakuwa na tumbo. Na kama hapakuwa na tumbo, wewe fundi ulikuwa unachora nini?"

Makungu alifungua mdomo, akaufunga. Nikaandika: mshtakiwa hakujibu.

Hukumu ilikuwa nyepesi. Gita lizibwe na mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya siku saba. Asipofanya hivyo litakatwa vipande hadharani. "Tunakuachia uchague," akasema Mheshimiwa, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuguswa na ukarimu ule.

Bi Sauda alisema likatwe. Alisema palepale ukumbini, kwa sauti. "Likatwe, Makungu! Heri nisiwe nalo!"

Makungu akasema taratibu, "Siwezi kukuona huna hata ubao wa kushika, mke wangu."

*

Siku ya saba nilitumwa mimi kukagua. Nilimkuta Makungu kibandani, gita liko kwenye benchi limezibwa. Nikashtuka, maana hakutumia kiraka cha kampuni. Alikuwa ameshusha kile kipande cha mninga juu ya kabati, kilekile cha siku ile, miaka yote alikuwa nacho. Amekirudisha kilipotoka. Vinyweleo vya mbao vimekutana kimoja kimoja, mchirizi kwa mchirizi. Ungesema halikuwahi kukatwa. Ungesema hakuna kilichowahi kutokea katika nyumba ile.

Nikapitisha ukucha wa kidole gumba, kama tulivyofundishwa. Ukaingia kwenye mstari mwembamba kama uzi.

"Fundi, hapa pana kitu."

"Huo ni unene wa msumeno, jirani. Msumeno ukipita unakula mbao kidogo. Hairudi hiyo."

"Naelewa. Lakini..." Nikamwonyesha fomu. "Hapa wanauliza, pengo limezibwa lote, ndiyo au hapana. Unene wa msumeno hawakuuweka."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Kisha akachukua gundi, akakusanya unga wa mbao sakafuni kwa kiganja, akachanganya, akajaza ule mstari kwa ncha ya kisu. Akapiga msasa. Nikapitisha ukucha, ukateleza. Nikaandika ndiyo, nikagonga mhuri kwenye karatasi, wino ukashika.

Bi Sauda akaingia. Akalichukua gita bila kuniangalia, akakaa kwenye kile kiti, akajaribu kuliweka. Mkono wake ukaenda pale ulipozoea kukaa, ukakuta ubao. Akaupapasa. Akaurudisha tena, kama mtu anayesahau kwamba mlango umefungwa.

"Linanisukuma, Makungu," akasema. "Linanisukuma kama la mtu mwingine."

Makungu alikuwa anafuta gundi vidoleni.

Alhamisi ya wiki ile, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye benchi lake akaegemea ukuta. Mkewe alidhani amesinzia, akamwacha apumzike mpaka alasiri.

*

Serikali yetu inapenda misiba. Mheshimiwa Mapande alikuja mwenyewe, na Bwana Zigalila pembeni yake na miwani ya jua, na kipaza sauti cha Wizara. Mimi nilikuwa kazini, nimekaa nyuma yao na kisanduku changu.

Chai ilikuwa ya rangi, haina sukari. Hakuna fundi aliyekuja na sukari, maana sukari ya jicho sasa ni ushahidi kwamba uliiga.

Fundi Shemdoe, kama mkubwa wa mtaa, ndiye aliyesimama kumsemea marehemu. Alisema vizuri, jinsi walivyoanza pamoja, jinsi marehemu alivyokuwa haringi na ujuzi wake. Akafika mwisho, pale ambapo kila mtu katika kila msiba wa nchi yetu hufika.

"Ndugu waombolezaji, Fundi Makungu ametutoka. Kwa kweli ametuachia pe..."

Nikakohoa. Sikukohoa kwa ubaya, nilikuwa namnusuru, jamani. Mzee akanitazama, akamtazama Zigalila, akakitazama kipaza sauti. Mdomo wake ulibaki umekusanyika kwenye ile herufi. Watu wote mle wakalisubiri neno, nami naapa nililisikia vichwani mwao wote kwa pamoja, na hakuna aliyelisema. "Ametuachia..." akasema tena, machozi yanamtiririka. "Ametuacha tu." Akakaa.

Hapo Mheshimiwa akainuka, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nimeona mzee wetu ameelemewa. Nimsaidie. Nataka niwahakikishie wafiwa, na taifa zima, mbele ya jeneza hili. Marehemu hakuacha pengo. Nasema kwa idhini ya mmiliki, ambaye yupo hapa." Zigalila akainua mkono kidogo. "Hakuacha pengo lolote! Serikali yenu ilihakikisha limezibwa wakati wa uhai wake, kwa mkono wake mwenyewe, na cheti kipo!"

Wale wa Wizara tukapiga makofi. Wengine wakafuata, kwa mazoea.

Bi Sauda alikuwa amekaa mkekani na wanawake, lile gita zima mapajani. Alisimama. Nilidhani atamtukana Mheshimiwa. Hakutukana. Aliinua uso akafungua mdomo wote, akalia, kilio kimoja kirefu chenye mluzi ndani yake. Na kila aliyekuwepo akaliona pengo la jino lake, jeusi, wazi kabisa, na upepo wa mluzi unatoka humo.

Mheshimiwa alingoja amalize. Hakumaliza. Basi akainama nyuma, akaninong'oneza, "Kijana. Hilo nalo ni nini?"

Mara ya kwanza nilijifanya sikuliona, mnakumbuka. Mara hii aliyeliona ni Waziri. Nikafungua kisanduku, nikatoa fomu, nikaiweka gotini. Jina la mtuhumiwa, visanduku vitano. Nikaandika herufi moja moja kwa mwandiko mzuri, huku akilia. S, A, U, D, A.

Liliingia lote. Hakikubaki hata kisanduku kimoja wazi.